Mhariri amesema askari wangu anapigana lakini haishi

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Nimeifuata safu yako kwa muda mrefu, na leo nami nimefikwa na jambo ambalo nimeshindwa kulitatua peke yangu. Nimeandika riwaya inayohusu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1861 hadi 1865 baina ya serikali ya Muungano na majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili yabaki na utumwa wao. Mhusika wangu mkuu ni kijana mweusi wa Kentucky ambaye anatoroka shamba la bwana wake mwanzoni mwa mwaka 1863, baada ya Rais Abraham Lincoln kutangaza uhuru wa watumwa, na kwenda kuandikishwa jeshini katika kambi iitwayo Camp Nelson. Anawaacha mke na mtoto mdogo, ambao baadaye wanamfuata huko. Anapigana Gettysburg, anapigana Saltville, anapigana tena karibu na Richmond, na vita vinapokwisha anarudi kwa watu wake akiwa na mshahara wake wa dola 7 kwa mwezi alioutunza senti kwa senti.

Mhariri niliyempelekea mswada ameurudisha. Ameniandikia kwamba mapigano yangu yanasomeka vizuri, lakini askari mwenyewe haishi: hali chakula, halali, haumwi, hafui nguo wala hangoji chochote, akimaliza pambano moja anatokea kwenye jingine. Nilipomwonyesha kaka yangu, ambaye ametumikia jeshi hadi kustaafu, nilitarajia anitetee, kumbe akamuunga mkono mhariri. Amesema sehemu kubwa ya uaskari ni kukaa kambini na kungoja, na katika kitabu changu hakuna mtu anayengoja.

Hapo ndipo nilipokwama. Sijui maisha ya kambini ya askari wa wakati ule yalikuwaje, na hata nikiyajua, sioni jinsi ya kuandika kuhusu kungoja bila kumchosha msomaji. Tena nimeanza kujiuliza kama nina ruhusa ya kuigusa habari hii, mimi ambaye sijawahi kulala hemani wala kushika bunduki. Nimefikia hatua ya kutaka kuutupa mswada. Nifanye nini?

Mwandishi aliyekwama

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Usiutupe. Mhariri aliyeusoma mswada hadi mwisho na kukueleza waziwazi mahali ulipo udhaifu wake amekufanyia hisani, na kaka yako naye amesema kweli ambayo hesabu za vita hivyo zinaiunga mkono. Kwa makadirio yaliyozoeleka, wanajeshi wapatao 620,000 wa pande zote mbili walikufa, na utafiti wa miaka ya karibuni umeipandisha idadi hiyo hadi karibu 750,000. Takriban thuluthi mbili yao hawakufa kwa risasi wala kwa mizinga, bali kwa kuhara, homa ya matumbo, surua, malaria na nimonia, wakiwa hemani au hospitalini. Kwa askari weusi wa Muungano uwiano ulikuwa mbaya zaidi: kati ya watu wapatao 180,000 walioandikishwa, karibu 40,000 walikufa, na kama watatu katika kila wanne wa hao waliuawa na maradhi. Riwaya ambayo askari wake hawaumwi imewaacha nje wengi wa waliokufa, na hilo ni kosa la ukweli kabla halijawa kosa la sanaa.

Kwa kuwa tumeanza na ukweli, turekebishe kwanza tarehe zako, kwa sababu zikikaa sawa zitakupa zenyewe nusu ya hadithi unayoitafuta. Tangazo la Lincoln la tarehe 1 Januari 1863 halikuigusa Kentucky. Lilihusu majimbo yaliyoasi, ilhali Kentucky ilikuwa jimbo la utumwa lililobaki ndani ya Muungano, na hivyo watumwa wake waliendelea kisheria kuwa mali ya mabwana zao. Mwaka huo wa 1863 Camp Nelson ilikuwa ndiyo kwanza inajengwa, na watu weusi waliokuwapo walikuwa vibarua, wengi wao watumwa waliotwaliwa na jeshi kwa kazi za sulubu. Kuandikishwa kwa askari weusi katika jimbo hilo kulianza mwaka 1864, mwanzoni kwa idhini ya bwana, na sharti hilo lilipolegezwa ndipo vijana walipofurika kambini kutoka kila upande. Aliyeandikishwa alipata uhuru wake papo hapo. Mke wake hakuupata, wala mtoto wake. Shika neno hilo moyoni, maana tutalirudia.

Gettysburg iondoe kabisa. Mapigano yale yalitokea Pennsylvania mwezi Julai 1863, na hapakuwa na kikosi cha askari weusi kilichoshiriki. Kuhusu mshahara, ni kweli kwamba askari mweusi alipangiwa dola 10, akakatwa 3 za mavazi, akabaki na 7, wakati mwenzake mweupe alipata 13. Ndiyo maana kikosi cha 54 cha Massachusetts kilikataa kupokea malipo kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Lakini mwezi Juni 1864 Bunge lilisawazisha mishahara, na askari wa cheo cha chini akawa anastahili dola 16. Kijana wako aliyeandikishwa kiangazi cha mwaka huo angehesabiwa kwa kiwango hicho. Kuhesabiwa, hata hivyo, si kulipwa. Malipo yalipaswa kutolewa kila baada ya miezi 2, na mara nyingi yalichelewa mno, hata askari akawa anadaiwa na mchuuzi wa kambini kabla hajaziona fedha zenyewe.

Sasa tuingie kambini. Kwa kuwa umemtaka afike Saltville, mweke katika Kikosi cha 5 cha wapanda farasi weusi, ambacho kiliundwa Camp Nelson. Uamuzi huo mmoja utabadilisha siku yake yote. Askari wa miguu aliamshwa kwa ngoma, wa farasi kwa tarumbeta, na kabla hajafikiria tumbo lake mpanda farasi alikuwa na mnyama wa kumlisha, kumnywesha na kumpiga brashi, kazi aliyoirudia jioni. Katikati ya siku yaliitwa majina, wagonjwa wakapelekwa kwa daktari, walinzi wa zamu wakabadilishwa, kisha ikaja kwata, ikafuatwa na kwata nyingine mchana. Kupakia bunduki peke yake kulifundishwa kwa hatua 9, tangu kuchana karatasi ya risasi kwa meno hadi kuinua mtambo, na kuruta alizirudia kwa kuhesabiwa mpaka mikono ikazifanya bila akili kuulizwa. Mtu aliyezaliwa utumwani amepigiwa kelele za amri maisha yake yote. Hapa anaamriwa tena, kuanzia alfajiri hadi kulala, lakini safari hii amevaa sare, na jina lake limeandikwa kwenye orodha na kusomwa kwa sauti kila asubuhi. Mwandishi anaweza kukaa na jambo hilo kwa kurasa kadhaa, na hakuna atakayelala.

Chakula kinahitaji uangalifu, kwa sababu waandishi wengi hunakili habari za kambi za Virginia na kuzibandika kila mahali. Camp Nelson haikuwa mahema machache porini. Ilikuwa bohari kuu ya jeshi, yenye majengo zaidi ya 300, hospitali, maghala, mazizi, mtambo wa mvuke uliopandisha maji kutoka mtoni, na tanuri kubwa la mikate. Kwa hiyo kijana wako akiwa kambini anaweza kula mkate laini. Biskuti ngumu ya jeshi, ile ya unga na maji tu, yenye ukubwa wa kiganja na unene wa kidole, mpe atakapoanza safari. Mwonyeshe jinsi askari walivyoila, maana hapo pana maisha: kahawa ilitolewa mara nyingi ikiwa punje nzima, nao wakaiponda ndani ya chombo kwa kitako cha bunduki au kwa kishikio cha singe, wakaichemsha kwenye kopo lililoning'inizwa juu ya moto, kisha wakaivunjia biskuti humo. Kama biskuti ilikuwa imeingiwa na fukusi, wadudu walielea juu, yeye akawakwangua kwa kijiko na kuendelea kunywa. Aliyekuwa na mafuta ya nyama ya nguruwe ya chumvi aliikaanga biskuti iliyolowekwa, na hicho ndicho kilikuwa kitoweo cha siku njema. Wenzao wa Kusini, ambao bandari zao zilikuwa zimezingirwa, waliteseka kwa kukosa kahawa hata wakachemsha punje za nafaka zilizochomwa, na mahali pengine askari wa pande mbili zilizokuwa zikiuana walibadilishana tumbaku kwa kahawa ng'ambo ya mto.

Kuhusu maradhi, fahamu kwanza surua. Vijana waliotoka mashamba yaliyotengana hawakuwa wameipata utotoni, na walipokusanywa kwa maelfu mahali pamoja iliwapitia kama moto kwenye nyasi kavu. Kisha likaja tumbo. Vyoo vilikuwa mitaro iliyochimbwa, na kanuni zilitaka ifukiwe kwa udongo kila siku na ichimbwe mbali na maji, lakini pale ofisa alipolegea, au askari alipoona uvivu kutembea usiku, kanuni ilibaki karatasini, na kuhara kukawa ndiyo hali ya kawaida ya watu. Chawa hawakubagua cheo. Nguo zilichemshwa kwenye masufuria yaleyale yaliyopikiwa, na baada ya siku chache wadudu walirudi. Usiyaandike haya yote mfululizo kana kwamba unajaza fomu ya hospitali. Chagua mgonjwa mmoja, yule anayelala naye chini ya turubai moja, kwa maana hema dogo la jeshi lilikuwa vipande viwili, kila askari akabeba chake, na usiku wawili wakavifunga pamoja kwa vifungo. Siku mwenzake anapopelekwa hospitali, nusu ya hema imeondoka. Hapo umeandika juu ya kifo kabla mtu yeyote hajafa.

Usisahau kazi za mikono. Vikosi vya watu weusi vilitwishwa kuchimba mahandaki, kukata magogo na kupakia mizigo kupita sehemu yao ya haki, hata mwezi Juni 1864 ikatolewa amri kwamba wasipewe kazi hizo zaidi ya askari wengine. Kijana aliyekimbia jembe akakuta anapewa sepetu ana la kusema usiku mbele ya moto, na wewe mwandishi una wajibu wa kumsikiliza. Na jioni hiyohiyo, kando ya wanaocheza kamari na wanaoimba tenzi, kulikuwa na waliokuwa wakijifunza kusoma. Camp Nelson ilikuwa na shule ya askari iliyosimamiwa na mhubiri John Fee, mpinzani wa utumwa tangu zamani. Huko South Carolina, Susie King Taylor, aliyezaliwa mtumwa, alikuwa mfuaji nguo wa kikosi, na alipopata nafasi aliwafundisha askari kusoma na kuandika. Mtu mzima mwenye mikono migumu anayejifunza kuandika jina lake, huku akijua kwamba barua atakayomwandikia mkewe itapitia mikononi mwa bwana wake, hahitaji bunduki ili msomaji amshikie pumzi.

Hapo tumefika kwenye kungoja kwako. Kungoja kunachosha pale ambapo mwandishi hajasema kinachongojwa. Kaka yako aliposema uaskari ni kungoja, nadhani alikuwa na maana kwamba kila askari anayengoja ana kitu chake: mshahara, barua, zamu kuisha, amri ya kuondoka. Kijana wako anangoja mke na mtoto, na wakishafika anangoja kujua kama wataruhusiwa kubaki. Katika mswada wako, kwa jinsi ulivyonieleza, wanamfuata na mambo yanaishia hapo. Hivyo sivyo ilivyokuwa Camp Nelson.

Wake na watoto wa askari walifika kwa mamia, wakajenga vibanda ndani ya mipaka ya kambi, wakawa wanafua na kupika ili wapate riziki. Mbele ya sheria walikuwa bado watumwa waliotoroka, na uongozi wa kambi uliwafukuza mara kwa mara. Katika siku za mwisho za Novemba 1864, kwenye baridi kali, kamanda wa kambi, Jenerali Speed Fry, aliamuru watu wapatao 400 watolewe nje kwa nguvu. Walipakiwa kwenye magari ya kukokotwa, na vibanda vyao vikabomolewa na kuchomwa moto. Watu 102 kati yao walikufa.

Mmoja wa askari waliopatwa na msiba huo, Joseph Miller, aliapa na kutoa ushahidi wake tarehe 26 Novemba, na maneno yake yamehifadhiwa. Mtoto wake wa kiume, mwenye umri wa miaka kama 7, alikuwa mgonjwa sana. Mlinzi alipoiamuru familia ipande gari, Miller alimwambia kwamba baridi ile ingemuua mtoto, akajibiwa kuwa wasipopanda watapigwa risasi. Usiku alitembea hadi Nicholasville, maili kama 6, akawakuta mkewe na watoto katika nyumba ya ibada ya zamani, wakitetemeka kwa baridi na njaa, na mwanawe amekwisha kufa. Alilazimika kurudi kambini usiku uleule. Kesho yake alikwenda tena kwa miguu, akachimba kaburi mwenyewe, akamzika mtoto, akarudi.

Isome habari hiyo polepole, mwanangu, kisha ujiulize kwa nini umekuwa ukimpeleka kijana wako Gettysburg kutafuta kilele cha riwaya. Ni mwanajeshi wa serikali, amevaa sare yake, amekula kiapo chake, na jeshi lake mwenyewe linamtoa mkewe kwenye baridi. Usimpe msiba wa Miller jinsi ulivyo, kwa sababu ule ni wa mtu aliyeishi, na haufai kuhamishiwa kwa mwingine. Mpe wake. Labda mtoto anapona, labda ni mke anayepotea njiani, labda yeye alikuwa kwenye zamu na hakujua mpaka alipouona moshi wa vibanda. Kelele zilizofuata tukio hilo zilifika Washington, familia zikaruhusiwa kurudi na kujengewa makazi, na tarehe 3 Machi 1865 ikapitishwa sheria iliyowapa uhuru wake na watoto wa askari weusi. Kwa hiyo hata tumaini lipo, na hulazimiki kulibuni.

Saltville ibakishe, na ije kabla ya hayo, kwa kuwa ilipiganwa tarehe 2 Oktoba 1864. Sasa itakuwa na uzito ambao haikuwa nao, maana msomaji atakuwa ameishi na watu hawa. Atajua kwamba wengine hawajapata kwata ya kutosha, kwamba wamepewa farasi wasiofundishwa na bunduki za askari wa miguu ambazo haziwezi kupakiwa mtu akiwa amepanda farasi. Atajua pia kwa nini wanakwenda huko: Saltville palikuwa na viwanda vya chumvi, na bila chumvi nyama ya jeshi la Kusini ingeoza. Njiani askari weupe wa upande wao waliwadhihaki. Baada ya kuwaona wakipigana, wakati wa kurudi dhihaka zilikoma. Majeruhi weusi walioachwa uwanjani waliuawa na askari wa Kusini. Eleza hayo kwa kurasa chache, bila kuyapamba, kisha mrudishe kijana kambini akahesabu nani hayupo wakati majina yanaposomwa. Pigano la Richmond ulipunguze, au uliache kabisa, sioni linachoongeza.

Umeuliza kuhusu ruhusa. Kutolala hemani hakukuzuii. Kinachoweza kukuzuia ni kuwasemea watu hawa bila kuwasikiliza, ilhali wameacha sauti zao kwa wingi: barua zao, viapo vyao, na majalada ya maombi ya pensheni ambamo wajane waliomba haki zao na askari waliolala hema moja na marehemu wakaja kushuhudia. Soma hizo kabla ya kusoma kitabu chochote cha majenerali. Na kaka yako umtumie. Mwombe akusimulie zamu ya usiku ilivyo, miguu inavyouma, watu wanavyogombana juu ya kitu kidogo wakikaa pamoja muda mrefu. Hakuwa Kentucky, lakini mwili wa askari anaujua.

Kwa sasa mwandikie mhariri barua fupi ya kumshukuru, umwombe muda, wala usimuahidi riwaya nzima. Andika kwanza sura mbili: siku moja ya kawaida ya mwezi Agosti, kuanzia tarumbeta ya alfajiri hadi kulala, ambamo hakuna risasi hata moja inayopigwa, kisha siku ya kufukuzwa kwa familia. Mpelekee hizo, na nakala uniletee mimi pia, nitazisoma kabla ya kujibu barua nyingine yoyote.

Mwalimu